Kijana anataka urubani? Kwanza tuusome mkataba

Hotuba kwa wazazi na vijana wa jumuiya yetu ya Waswahili, Irving, Texas

Shikamooni wazee wangu. Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na ndugu zetu wa Goma na Bukavu, jambo yenu.

Mwaka jana, kwenye futari iliyoandaliwa ukumbi huuhuu, mama mmoja alinijia nikiwa na sahani mkononi. Akaniambia, "Baba, mwanangu kakubaliwa chuo cha urubani. Mkopo unazidi dola laki moja, na mimi ndiye mdhamini. Nisaini?" Nikamjibu harakaharaka: "Saini tu mama, siku hizi wanalipa vizuri." Nikaendelea kula sambusa.

Usiku ule sikulala. Nimekuwa rubani wa mashirika ya kikanda tangu 2012, na miaka mitano sasa ni mwakilishi wa wenzangu katika chama. Ninayajua mengi ambayo yule mama alistahili kuyasikia kabla ya kushika kalamu. Leo nimekuja kulilipa lile deni. Mama, nakuona umekaa safu ya pili. Ahsante kwa kuja.

Tuanze na jambo ambalo wengi wetu hatulioni ingawa tunalipanda kila likizo. Ukitoka hapa uwanja wa ndege wa DFW kwenda mji kama Wichita, tiketi yako imeandikwa American, yaani shirika kubwa la American Airlines, ndege imepakwa rangi za American, hata leso ya kahawa ni ya American. Lakini karibu na mlango wa ndege kuna maandishi madogo yanayosema inaendeshwa na Envoy, au SkyWest, au PSA. Hayo ndiyo mashirika ya kikanda. Envoy, PSA na Piedmont ni mali ya American. Endeavor ni ya Delta. SkyWest na Republic si mali ya shirika kubwa lolote moja, zinafanya kazi ya kukodiwa. SkyWest peke yake inarusha ndege kwa jina la Delta, United, American na Alaska.

Sasa sikilizeni jinsi biashara hii inavyokwenda, maana mshahara wa kijana wako unatoka humo. Shirika kubwa ndilo linalouza tiketi, linalopanga nauli, na mara nyingi ndilo linalolipia mafuta. Shirika dogo linalipwa ada kwa kila safari liliyoiendesha, ndege ijae au iruke tupu. Shirika la namna hiyo litaongezaje faida? Nauli si yake. Mafuta si yake. Kinachobaki mikononi mwake ni watu: rubani, mhudumu, fundi. Na mkataba wa ada ukiisha, shirika kubwa linaita mashirika madogo matatu au manne na kuuliza nani atafanya kazi hii kwa bei ya chini. Kwa miaka ishirini na zaidi marubani wa mashirika haya tuligombanishwa namna hiyo, huyu akiambiwa yule kakubali kupunguziwa, nawe ukikataa ndege zinahamia kwake.

Hata ukubwa wa ndege tunazorusha haukuamuliwa na sisi. Marubani wa mashirika makubwa, kwenye mikataba yao, wameweka kifungu tunachokiita skopu: ndege za kukodisha nje zisizidi viti 76, na uzito wake wa kuruka usizidi ratili 86,000, kama kilo 39,000 hivi. Wanailinda kazi yao, nami siwalaumu. Ila kijana ajue kwamba ukuta wa chumba atakachofanyia kazi umejengwa na watu walio chumba cha pili.

Na mimi niliingiaje? Nilifundisha urubani miaka miwili kwenye kiwanja kidogo kusini mwa Dallas, nikikaa kiti cha kulia kwenye Cessna yenye joto la kupikia chapati, ili nijaze saa za kuruka. Nikaajiriwa 2012. Slipu yangu ya kwanza ya mshahara ninayo hapa. Imechakaa kwenye mikunjo lakini inasomeka: dola 23 kwa saa, kima cha chini saa 75 kwa mwezi. Zidisha mwenyewe: dola 1,725 kabla ya kodi. Kwa mwaka, dola 20,700. Rafiki yangu aliyekuwa akiegesha magari ya wageni hotelini alinizidi.

Tena hiyo saa mjue ni saa gani. Haianzi unapofika kiwanjani. Haianzi unapoizunguka ndege na tochi saa kumi na moja alfajiri, theluji inaingia kwenye kola, unapapasa bawa kwa kidole kuhakikisha halina barafu. Inaanza mlango ukishafungwa na breki ya kuegeshea ikaachiliwa. Ikifungwa tena ulikofika, saa imesimama. Ukikaa Cleveland saa nne ukisubiri ndege ya pili, hizo nne ni zako wewe na Mungu wako, pamoja na posho ya dola moja na senti sitini kwa saa. Safari ya siku nne, unakuwa mbali na nyumbani zaidi ya saa 80, zinaandikwa 20.

Kituo changu kilikuwa New York na familia iko hapa Texas. Nikapanga kitanda Queens, kwenye nyumba ya marubani tunayoiita krashipadi. Chumba kimoja, vitanda vinane vya ghorofa, kila mtu na shuka lake kwenye mfuko wa plastiki. Usiku mmoja aliyelala juu yangu alikuwa akikohoa mpaka kitanda kinatikisika. Saa tisa akaamka, akavaa sare, akaenda kuruka. Sikumuuliza kwa nini hakuomba ruhusa ya ugonjwa. Nilijua. Hakuwa na siku za kuomba.

Nimewasimulia hilo kwa sababu ya tarehe 12 Februari 2009. Usiku ule ndege aina ya Q400 ya shirika la Colgan Air, ikiruka kwa jina la Continental, ilitoka Newark kwenda Buffalo. Ikaanguka juu ya nyumba katika kitongoji cha Clarence Center. Watu 49 waliokuwa ndani walikufa wote, na mmoja aliyekuwa nyumbani kwake. Hamsini.

Rubani msaidizi alikuwa binti wa miaka 24. Usiku uliotangulia alikuwa amesafiri kutoka Seattle, upande wa pili wa nchi, kwa kuomba nafasi kwenye ndege za mizigo kupitia Memphis, ili afike kazini. Alikuwa na mafua, na kinasa sauti cha ndege kinamnukuu akilalamika kuhusu hali yake. Kapteni alilala kwenye chumba cha mapumziko cha wafanyakazi pale Newark. Kwenye kikao cha bodi ya usalama wa usafiri, NTSB, mshahara wa binti yule ulitajwa: takriban dola 16,000 kwa mwaka. Kampuni baadaye ikasema wa kiwango chake hulipwa zaidi ya hapo, kama dola elfu 23 na kitu. Hata tukiichukua namba kubwa, mtu wa mshahara huo angelipaje chumba cha hoteli Newark?

Ni lazima niseme ukweli wote. Ripoti haikusema kwamba mshahara ndio ulioiangusha ndege. Usukani ulitikisika kuonya kwamba ndege inakosa kasi, na kapteni akauvuta badala ya kushusha pua. Hiyo ndiyo sababu iliyoandikwa. Lakini rubani hufanya uamuzi na mwili alionao usiku ule, na mwili ule hutegemea alilala wapi.

Familia za marehemu hazikurudi nyumbani kunyamaza. Walikwenda Washington, wakarudi, wakaenda tena, na picha za watoto wao shingoni. Agosti 2010 sheria ikapita. Kuanzia 2013, kila rubani wa shirika la abiria, hata msaidizi, awe na leseni ya juu, ambayo kwa kawaida inataka saa 1,500 za kuruka. Aliyetoka jeshini anaruhusiwa kwa saa 750, mwenye shahada ya urubani kutoka chuo kinachotambuliwa kwa 1,000. Januari 2014 zikaanza kanuni mpya za mapumziko kwa ndege za abiria.

Wapo wanaosema saa 1,500 hazina maana, kwa kuwa marubani wote wawili wa Colgan walikuwa nazo na kuzidi. Hilo ni kweli, walikuwa nazo. Lakini tazameni sheria ile ilifanya nini upande wa mfukoni. Zamani mtoto wa saa 300 aliweza kuchukuliwa shule leo na kuvalishwa sare mwezi ujao, kwa hiyo kila aliyedai nyongeza alionyeshwa foleni nje ya mlango. Sheria iliikata ile foleni. Ndipo kampuni zikaanza kulia kwamba marubani ni adimu. Aprili 2022 Republic iliiomba FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, ikubali wanafunzi wa chuo chake kwa saa 750 kama wanajeshi, na Septemba mwaka huohuo FAA ikakataa. Aliyekuwa mkuu wa Republic wakati ule, Bryan Bedford, tangu 2025 ndiye anayeiongoza FAA. Kwa hiyo vijana, msidhani mjadala wa saa 1,500 umezikwa. Ufuatilieni kama mnavyofuatilia ligi.

Ikaja korona. Mashirika makubwa yakawapa wazee kiinua mgongo wastaafu mapema, na maelfu wakachukua. Mwaka 2021 abiria wakarudi ghafla, makubwa yakaanza kuajiri kwa pupa, na yakachukua wapi? Kwetu. Kila Jumatatu tulikuwa tunamuaga mtu. Miji midogo ikaumia kwanza: Machi 2022 SkyWest ikatoa notisi ya kuondoka kwenye miji 29 inayohudumiwa kwa ruzuku ya serikali, na baadaye American ikaacha kwenda Toledo, Ithaca na Islip.

Juni 2022 ndipo ukuta ulipobomoka. Piedmont na Envoy wakatangaza kwamba rubani msaidizi wa mwaka wa kwanza atalipwa dola 90 kwa saa, na kapteni kuanzia dola 146. Kwa kima cha saa 75, hiyo ni dola 81,000 kwa mwaka kwa anayeanza. Siku ile nilikuwa kwenye chumba cha mapumziko ya marubani, kiwanja cha Charlotte. Mzee mmoja wa miaka 30 kazini alisoma kwenye simu yake, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Wengine wote wakafuata, PSA, Endeavor, hata SkyWest ambako marubani wanawakilishwa na chama cha ndani kinachoitwa SAPA, hawamo ALPA, kile chama kikubwa cha marubani.

Lakini someni kile kilichoandikwa Juni ile. Dola 90 ilikuwa na sehemu mbili. Dola 60 ndiyo iliyoingia kama kiwango chenyewe. Dola 30 ya juu yake ilikuwa nyongeza ya muda, nusu ya kiwango, na karatasi iliitaja tarehe: mwisho wa Agosti 2024. Magazeti yaliandika 90. Wazazi wetu walisikia 90. Vijana walikwenda benki na 90. Sisi tuliokaa kwenye kamati tuliona theluthi nzima ya mshahara ikiwa na tarehe ya kuisha, kama maziwa ya dukani.

Hapa ndipo nilipokukosea, mama. Nilikwambia wanalipa vizuri, sikukwambia kwamba kuna pesa ya mkataba na kuna pesa ya soko. Pesa ya mkataba imejadiliwa, imepigiwa kura, na mwajiri hawezi kuigusa bila kurudi mezani. Pesa ya soko, yaani bonasi ya kusaini, nyongeza ya muda, zawadi ya kubaki miaka miwili, inakuja marubani wakiwa wachache na inaondoka wakiwa wengi. Tena bonasi ina kamba. Kijana akiondoka kabla ya muda anadaiwa airudishe, mara nyingine yote.

Sasa chama. Wengi wetu tumetoka kwenye nchi ambako chama cha wafanyakazi maana yake ni mgomo. Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways waligoma, ndege zikakaa chini, mahakama ya kazi ikaamuru warudi, wakarudi baada ya siku chache. Hapa Marekani mambo hayaendi hivyo. Tuko chini ya sheria ya kazi ya reli ya 1926, iliyopanuliwa 1936 ikachukua na ndege. Mkataba wetu haufi siku yake ikifika, unaendelea kutumika huku mkijadiliana, hata miaka mitatu, minne. Hamwezi kugoma mpaka bodi ya upatanishi ya taifa iwaachilie, kisha msubiri siku 30, na rais bado anaweza kuunda bodi ya dharura. Ndiyo maana mgomo wa marubani wa shirika la abiria hapa ni kitu cha nadra. Spirit waligoma Juni 2010. Upande wetu wa mashirika ya kikanda, mgomo unaokumbukwa ni wa Comair ya Cincinnati, Machi 2001: marubani kama 1,350 walikaa nje siku 89. Walipata nyongeza na mapumziko bora, na heshima. Comair yenyewe ilifungwa Septemba 2012, kazi yake ikagawiwa wengine, kwa sababu zile tiketi hazikuwa zake tangu mwanzo. Nawaambia yote mawili, faida na hasara, kwa kuwa akija mtu wa chama akawaeleza la Comair nusu, hajawatendea haki.

ALPA, chama kikubwa kuliko vyote vya marubani hapa, kilianzishwa Chicago 1931 na akina David Behncke, kwa kukutana kwa siri wakiogopa kufukuzwa. Wenzetu wa Republic wako na chama cha Teamsters. Ada ni chini ya senti mbili kwa kila dola unayopata. Mtaniuliza zinafanya nini hizo senti mbili. Nitawasimulia moja tu.

Ilikuwa majira ya baridi 2015, mji mmoja wa Iowa. Tulikuwa tumecheleweshwa na barafu siku mbili mfululizo, nimelala kwa muda wa saa nne tu, kengele ya moto ya hoteli imelia usiku. Kanuni inataka rubani athibitishe kabla ya kila safari kwamba yuko fiti. Kalamu mkononi, nikaitazama ile sehemu ya kusaini, herufi zikawa zinacheza. Nikampigia mpanga ratiba nikasema, nimechoka, sirushi. Akanyamaza kidogo. Akaniuliza jina langu linaandikwaje, herufi kwa herufi. Abiria 50 walilala Iowa usiku ule kwa ajili yangu, na mama mmoja aliyebeba mtoto alinitazama kwa macho ambayo mpaka leo ninayaona.

Mwezi ule mshahara wangu ulikuja umekatwa safari nzima, na barua ya kunitaka nijieleze. Nilikuwa na mke, mtoto wa miezi mitano, na hadhi ya uhamiaji iliyokuwa bado inanitia wasiwasi. Ningenyamaza. Mwakilishi wetu, bibi mmoja wa makamo kutoka Tennessee, akanipigia mwenyewe, akaniambia nimsomee barua taratibu. Akafungua mkataba, akanitajia kifungu: anayeripoti uchovu kwa nia njema haadhibiwi, na malipo yanaangaliwa na kamati ya pamoja. Wiki sita baadaye pesa ikarudi na barua ikatolewa kwenye faili. Nilikuwa nimelipa ada ya chama miaka mitatu nikiilalamikia. Siku ile ndipo nilipoamua kwamba siku moja nitagombea uwakilishi.

Nirudi kwa mama na wengine wenye vijana. Mlango ulikuwa wazi sana 2022 na 2023. Mwaka 2024 makubwa yakapunguza kasi, ndege mpya za Boeing zikachelewa, United ikasimamisha kuajiri kwa muda. Makubwa yakisimama, makapteni wetu hawaondoki, na kijana wa chini hapandi. Kwa hiyo hesabu ya mkopo isifanywe kwa mwaka mzuri. Fanya kwa kiwango cha chini cha mkataba, saa 75, na miezi sita ya kusubiri darasa la mafunzo la shirika bila mshahara wa ndege. Hesabu ikikubali hapo, saini. Isipokubali, aanze chuo cha jamii, afundishe urubani, apande kidogokidogo. Niliwafundisha watoto waliofanya hivyo na leo ni makapteni.

Akipata ofa mbili, asikimbilie bonasi kubwa. Aulize kituo ni wapi na anayeanza anakaa rizavu, yaani kusubiri kuitwa kazini, muda gani. Aulize kapteni mpya wa mwisho aliajiriwa mwaka gani, maana kila kitu huku ni namba ya ukongwe: ratiba, likizo, cheo. Ukihama shirika unaanza mkiani hata kama nywele zimeota mvi. Aulize kama kuna makubaliano ya kupandishwa kwenda shirika kubwa, na yameandikwa wapi. Na ombi langu kubwa kwa vijana wetu: mkiingia, hudhurieni mikutano ya chama. Watoto wa wahamiaji tunaogopa kusimama, tunadhani tukionekana tutaondolewa. Kwenye mkutano wetu wa mwisho walikuja 19 kati ya zaidi ya 300 wa kituo kile, na hao 19 ndio waliochagua tudai nini kwanza, bima ya afya au siku za mapumziko.

Nimeiweka slipu yangu ya 2012 pale mezani karibu na chai, pamoja na kurasa nne za mkataba wa sasa, zile za malipo na uchovu. Mama, kijana wako kaniambia ameleta barua ya chuo na karatasi za mkopo. Tukimaliza maswali, tukae sote watatu tuzisome, mstari kwa mstari. Nina kalamu nyekundu, na leo sina ndege.